Mjusi wa Lindi Niliyemkuta Berlin

Harufu ya Berlin ilinifikia kabla sijaona jengo lolote la kale. Ilipanda kutoka kwenye matundu ya chuma kando ya barabara, juu ya njia za treni za chini ya ardhi: hewa ya uvuguvugu iliyochanganyika na lami, vumbi la breki na mikate iliyotoka kuokwa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, nimeshuka kwenye ndege pamoja na kwaya ya shule yetu ya Scarborough, hapa Toronto, na sikuwa nimewahi kusafiri bila wazazi wangu. Tulialikwa kuimba katika kanisa moja la zamani wakati wa likizo ya Machi. Baba, aliyefanya kazi kiwanda cha vipuri vya magari, alichukua zamu za Jumapili msimu mzima wa baridi ili niende. Nilikwenda nikiwa tayari kuupenda mji huo, na kwa siku mbili niliupenda kweli.

Scarborough niliyoijua mimi haikuwa na kitu kilichomzidi Baba umri. Maghorofa yetu, maduka yaliyopangwa mbele ya maegesho, hata shule, vyote vilijengwa juzijuzi. Berlin nilitia vidole katika nguzo za mawe zilizotobolewa na risasi za vita. Kijana aliyekuwa akitutembeza, jina lake Matthias, alituambia matundu yale yameachwa makusudi ili asitokee mtu wa kudai kwamba hajui kilichotokea. Kisha akatuonyesha vibamba vidogo vya shaba vilivyopachikwa barabarani mbele ya milango ya nyumba, kila kimoja na jina la mtu aliyetolewa humo akapelekwa kuuawa. Alipiga goti, akakipangusa kimoja kwa mkono wa koti lake, akatusomea jina polepole. Wenzangu wawili walilia. Matthias alisema mji usiotaka kujua majina ya watu uliowadhulumu ni mji usio na haya. Niliamini kila neno lake, na usiku ule nilijiona nina bahati kuufahamu mji wenye watu wa namna ile.

Siku ya tatu alitupeleka kwenye makumbusho ya viumbe vya kale. Tuliingia ukumbi mpana wenye paa la kioo, na katikati yake amesimama mjusi wa kale, dinosaria, mifupa mitupu, shingo imepanda juu hadi ukahisi kizunguzungu kuifuata kwa macho. Wenzangu walishangaa. Mimi nilisogea karibu, kwa sababu habari za mjusi yule nilisimuliwa tangu utotoni. Baba ni mtu wa Lindi. Babu yake, Mzee Selemani, alikuwa mmoja wa watu waliobeba mifupa ile kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandarini enzi za Wajerumani. Ilikuwa miaka michache tu baada ya Maji Maji, maghala yalikuwa yamechomwa, njaa imeua watu wengi, na aliyebaki hai alishika kazi yoyote iliyompatia chakula. Walitembea kwa siku kadhaa, mizigo mingine ikiwa kichwani, mingine ikining'inia kwenye mti uliolala mabegani mwa wanaume. Mzee Selemani alipata sugu begani, akazikwa nayo. Baba aliwahi kuishika alipokuwa mtoto. Alisema ilikuwa ngumu kama kisigino.

Matthias alieleza kwamba mjusi huyo aligunduliwa na wataalamu wa Kijerumani. Akawataja mmoja mmoja kwa majina na vyeo vyao. Akamalizia kwamba walisaidiwa na wenyeji. Nikanyoosha mkono nikauliza wenyeji hao walikuwa akina nani. Akajibu kwamba walikuwa vibarua na wapagazi, mamia kwa mamia, na majina yao hayana umuhimu sana katika sayansi.

"Mimi namjua mmoja," nilisema. "Anaitwa Selemani. Ni babu yake baba yangu."

Alitabasamu, tabasamu la mtu mzima anayemsikiliza mtoto akisimulia ndoto. Akasema hiyo ni hadithi nzuri ya kifamilia, ila nifikirie pia kwamba mifupa ile ingebaki kule ingesagika yote, kwani watu wa huko hawakujua wana kitu gani. Sauti yangu ilipanda bila mimi kuipandisha. Nilimwambia walijua, na kwamba wao ndio waliowaonyesha wageni kile kilima. Nikamwambia pia kwamba jana alipiga goti barabarani kwa ajili ya jina la mtu, na leo anasema majina hayana umuhimu, hivyo ningependa kujua ni majina ya nani yenye umuhimu na ya nani yasiyo nao. Sikuwa nikilinganisha misiba. Nilikuwa nikiuliza tu kwa nini goti lake linajua kukunjika barabarani, lakini humu ndani linagoma. Mwalimu wetu wa muziki, Bi Whitcomb, alinishika kiwiko akaninong'oneza kwamba hapo hapakuwa mahali pa maneno hayo. Nakumbuka nilijiuliza: kama si chini ya mifupa ile, basi ni wapi?

Jioni, kanisani, Bi Whitcomb aliniambia kwamba Matthias atakuwepo, na kwamba sitasimama na kwaya kabla sijamwomba radhi. Jambo hilo lilikuwa zito, maana katika nyimbo zetu kulikuwa na wimbo mfupi wa Kiswahili wa kumbembeleza mtoto, na sauti ya pekee ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu kuyatamka maneno yake. Nilikataa. Akanipa simu nimpigie Baba, akiamini kwamba Baba atanituliza, na mimi pia niliamini hivyo. Baba alikuwa mtu wa kushusha sauti mbele ya wakubwa. Alitufundisha kwamba ugenini mtu hutangulia kuomba radhi, maelezo huja baadaye. Nilisimama kwenye korido ya mawe nikamweleza yote.

"Umemwona mzima?" akauliza.

"Ndiyo, Baba. Wamemsimamisha."

"Ana urefu gani?"

Nikamwambia kwamba akisimama nje ya jengo letu, kichwa chake kitafika dirishani kwa jirani yetu wa ghorofa ya nne. Nilisikia pumzi yake ikitoka taratibu.

"Babu alisema walibeba vipande tu," Baba alisema. "Alikufa bila kuambiwa vipande vile vikiungana vinakuwa kitu gani." Kisha akauliza ninatakiwa kuomba radhi kwa kosa gani. Nikamjibu kwamba ni kwa kusema. "Basi usiombe. Na usiimbe. Mpe mwalimu simu."

Sikuyasikia maneno yake kwa Bi Whitcomb. Nilimwona tu mwalimu akitikisa kichwa, uso umemwiva, akirudia kwamba ameelewa. Nilikaa kwenye benchi la nyuma. Msichana mwingine aliuimba wimbo wangu, matamshi yakimteleza, na watu wa mji ule wakafuta machozi. Walikuwa wakiguswa na lugha ya Mzee Selemani, siku ileile ambayo jina lake lilikuwa halina umuhimu. Tuliporudi Toronto, nafasi yangu ya kuimba peke yangu haikurudi, na mwaka uliofuata sikuwa tena kwenye kwaya. Niliambiwa kwamba kwaya inahitaji watu wenye utulivu.

Sasa nimepita miaka thelathini, ni muuguzi hapahapa Scarborough, na nina binti anayeelewa Kiswahili lakini hunijibu kwa Kiingereza. Watu wazima wa wakati ule waliniahidi kwamba hasira itapungua nikikua. Haijapungua. Siku hizi ninasikia watu wakijadiliana kama mjusi yule arudishwe au abaki, wakisema kwa upole kwamba mifupa ni dhaifu na safari ni ndefu. Safari ilikuwa ndefu walipomchukua pia, na hakuna aliyeona tabu, kwa kuwa mabega yaliyombeba hayakuwa yao. Tofauti na zamani ni kwamba leo hakuna wa kunishika kiwiko.

Majira ya baridi yaliyopita nilimwambia Baba, ambaye amekwisha kustaafu, kwamba sote tuna pasi za Kanada, likizo ninayo, twende Berlin akamwone kwa macho yake. Nilidhani atafurahi. Tulikuwa tukijiandaa kutoka matembezini; alikuwa akimfunga mjukuu wake kamba za viatu, na hakuinua uso.

"Babu yangu alimbeba begani," alisema. "Mimi nikapange foleni mlangoni, nikatiwe tiketi ya kumwona?"

Binti yangu alinitazama akingoja nimjibu babu yake. Nilichukua koti langu, tukatoka sote watatu, na safari ya Berlin sikuitaja tena.