Leokadia Aliomba Kupimwa

Haya sikuhadithiwa. Yalinipata mwenyewe, na mikono hii ndiyo iliyomgusa. Ukitaka kucheka, cheka.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Rissne, pembeni ya Stockholm, Sweden. Januari iliyopita kikundi cha waimbaji wa mtaa wa jirani, Sundbyberg, kiliniomba niwashonee magauni meupe kumi na moja ya opera. Mtunzi wake ni Mtaliano maarufu, ila hii aliitunga ujanani na huchezwa kwa nadra. Kiongozi wao alinisimulia: msichana anachumbiwa, mchumba anasafiri, anamsahau, msichana anakufa kwa huzuni. Kisha anarudi na wenzake waliokufa vivyo hivyo, wanamchezesha yule mwanamume mpaka roho inamtoka.

Nilipatana naye bei, ila hadithi ile niliijua kwetu. Mdogo wangu Elia aliacha mchumba Kigoma, Leokadia, akaahidi kumleta. Miaka ikapita, Elia akaoa hapa na kubadili namba. Leokadia akawa ananipigia mimi. "Yupo kazini, wifi," namjibu kila mara, kama Elia alivyoniagiza. Mwishowe nikaizuia namba yake.

Siku ya kupima, saa kumi jioni, giza lilikuwa limeshaingia, ndivyo ilivyo huku majira ya baridi. Nilimaliza wote kumi na mmoja, wakaenda jukwaani kufanya mazoezi. Nikabaki peke yangu katika chumba cha nguo. Nimeinama kuokota chaki, nikasikia nyuma yangu:

"Wifi, na mimi nipime."

Nani Stockholm hii ananiita wifi? Nikageuka. Leokadia, kajifunga kitenge, ndala miguuni, na nje theluji inafika magotini.

"Umefika lini?" nikauliza. Wewe ungeuliza nini?

"Nipime tu, wifi. Wenzangu wameshapimwa."

Niamini, sikuogopa. Niliona aibu. Nikamzungushia tepu kiunoni, kiuno chembamba kama cha mtoto, baridi ikanipanda vidoleni. Bila kumtazama usoni nikasema, "Elia ana mke, Leokadia. Nilikuwa nakudanganya."

"Nilijua," akasema taratibu. "Nilikuwa nasubiri tu mmoja wenu aniambie."

Nikainua uso. Nilikuwa nimeshika tepu, na ndani ya tepu hamna mtu.

Jioni ile ile nikampigia mama yake. "Tulimzika mwezi wa nane, mwanangu," akasema. "Aliacha kula. Tulipiga sana kwa simu yake, hamkupatikana."

Nilipomweleza Elia, alitoka akasimama kwenye roshani bila koti, mpaka mkewe akamvuta ndani. Baadaye alikwenda Kigoma kuliona kaburi. Tangu arudi, hanisemeshi. Kanisani tunakaa mabenchi mbalimbali, watoto wake wananipungia mkono kwa kificho.

Magauni niliyamaliza. Kwenye onyesho sikwenda.

Sasa wewe unayesoma, kama kuna mtu anakusubiri na moyo wako umeshahama, mwambie leo, kwa mdomo wako mwenyewe. Atalia, atakutukana, lakini ataishi. Usimtume dada yako akusemee. Na wewe dada, ukitumwa, kataa.