Nilimwamrisha Baba Mkwe Awashe Feni ya Hita

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Hata mvua siwezi kuisingizia, maana huku Tukuyu inanyesha kila mara na wenzangu hawafanyi niliyoyafanya mimi. Naandika huku nacheka peke yangu, kisha nakumbuka, naona aibu, nacheka tena. Mnivumilie.

Mimi ni Mnyakyusa, mke wa mtu, tunakaa mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu mjini. Kwa mila yetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Akiingia mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini mzee wetu, baba mkwe wangu wa kule kijijini Kisondela, ni wa zamani, na mama mkwe hujigamba kanisani kwamba hakuna mkwe mwenye adabu kama mimi.

Sasa tatizo ni gari. Gari ni langu, la kubebea parachichi, na dereva ni mimi. Mume wangu hajui kuendesha. Kwa hiyo mzee na goti lake bovu huja kliniki kwa bodaboda, analowa chapachapa, na gari langu limepaki tu uani. Iliniuma, lakini ningefanyaje?

Basi feni ya hita ikagoma. Kioo cha mbele kikawa kinashika ukungu, naendesha huku nafuta kwa khanga. Mume wangu akasema tumwite fundi kutoka kule Kyimo. Nikakataa. Nilishaangalia video kwenye simu, kichwa kimevimba. Nikavaa ovaroli la mume wangu, nikajilaza sakafuni upande wa abiria, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje mvuani. Yeye akakaa kwenye usukani anibonyezee swichi. Fyuzi nzima. Umeme unafika kwenye waya. Nikajua mota yenyewe imechoka, nikasema labda ikigongwa itaamka.

Mume wangu akashuka, akaingia nyumbani kutafuta nyundo. Mimi sikumsikia akitoka, mvua ilikuwa inapiga bati la gari. Mara mzee, akipitia kwetu njiani kwenda kliniki, akashuka kwenye bodaboda, akaona miguu ndani ya ovaroli la mwanawe, akajua ni mwanawe, akaingia kwenye usukani kujikinga. Mimi kule chini naona gambuti nyeusi tu, na Rungwe nzima inavaa gambuti nyeusi.

"Washa," nikasema.

Kimya. Kumbe ameitambua sauti, na mila inamkataza kujibu.

"Nimesema washa. Mwanaume mzima, swichi inakushinda? Ndiyo maana hata kuendesha hujui."

Swichi ikalia. Nikagonga mota kwa mpini wa bisibisi. Feni ikanguruma, ikatapika vumbi, majani makavu na kiota kizima cha panya. Furaha ikanipanda, nikalipiga kofi goti lililokuwa karibu. "Umeona, mume wangu? Umeoa fundi wewe."

"Mwe," ikashangaa sauti isiyo ya mume wangu, "hilo goti ndilo linaloniuma."

Nikatoa kichwa. Tukatazamana uso kwa uso, mvi zake zimejaa manyoya ya kiota.

Nilikimbilia migombani. Nikasimama huko nalowa, najiona nimerudishwa kwetu, namwona mama mkwe akifungwa mdomo na wenzake. Mume wangu akanifuata akicheka mpaka kashikilia mgomba. Nilitamani kumrushia bisibisi.

"Baba kasemaje?" nikauliza.

"Kasema dereva anatazama mbele. Yeye akikaa nyuma, nani kamwona nani? Ameshahamia siti ya nyuma. Anauliza mnaondoka saa ngapi kwenda kliniki."

Nikageuza kioo cha ndani kitazame juu, nikawasha hita, tukaenda. Tulipokaribia kliniki nikasikia mzee anakoroma kwa lile joto, nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Majuto yangu si lile kofi tena. Ni mvua zote alizonyeshewa kabla yake, wakati jambo lenyewe lilihitaji mtu mmoja tu amuulize kama atakubali kukaa nyuma. Mimi nilikaa na adabu yangu, nasifiwa kanisani.

Nawe mwenye gari na mkwe, usingoje mpaka umpige mzee wa watu goti. Mtume mumeo leo akaulize. Na ukiwa chini ya dashibodi, inua kichwa kwanza ndipo utukane.