Kitambaa Chekundu cha Mbwa Wangu

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika kijijini kwetu Lingeka. Kila mmoja alikuja na mizani yake na mbwa wa kulinda pamba. Msimu ukiisha waliondoka na mizani, wakawatelekeza mbwa. Mbwa wale wakaingia porini, wakazaana, wakawa wakali, wakaanza kumaliza digidigi na kanga upande wa kitalu cha uwindaji.

Mwenye kitalu alitaka kijana wa kijijini wa kuwapunguza. Tulijitokeza wawili kutoka nyumba moja, mimi na mdogo wangu. Akachukuliwa yeye, eti ana shabaha. Alikuwa nayo kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu tukichunga ng'ombe, manati yake haikukosa njiwa.

Nilimwonea wivu. Wazee waliozoea kunisalimu kwanza mimi mkubwa, sasa walimwanza yeye na kaki zake: "Mwangaluka, afande!" Mama naye akawa anamwekea paja la kuku. Mimi nikapewa shingo.

Ili asiue mbwa wa watu, mdogo wangu alipita kila kaya akiagiza mbwa wafungwe kitambaa chekundu shingoni. Mama akachana kitenge chake cha zamani, akaniletea kipande.

"Mfunge mbwa wako."

"Mama, sipangiwi na mtu niliyemfuta kamasi," nikamjibu.

Kitambaa nikakifunga kwenye mpini wa jembe, pale ulipokuwa na ufa.

Wiki mbili baadaye mbwa wangu alirudi mchana, anahema, manyoya ya digidigi yamemganda mdomoni. Nikamfuta haraka kabla mtu hajaona. Jioni mzee mmoja aliyekuwa akiwafuatia nyayo kule kitaluni akanisimulia kando. Mdogo wangu na mwenye kitalu walikuta kundi juu ya mzoga. Wawili waliangushwa, wengine wakatimka. Mmoja asiye na kitambaa akabaki amesimama, anamtikisia mdogo wangu mkia. Mdogo wangu akapiga juu. Mwenye kitalu akamwita mzembe, akamnyang'anya bunduki na sare palepale.

Alifika nyumbani na fulana ya ndani.

"Wewe, ukakosa?" mama akashangaa, maana habari zilishamfikia.

"Jua lilinipiga machoni, mayu."

Mbwa alikuwa amelala miguuni pangu. Mdogo wangu hakumtazama, wala hakunitazama mimi. Neno moja tu lingemsafisha mbele ya mama, na nililijua, lakini sikulisema.

Asubuhi alichukua jembe la karibu, lile lenye kitambaa chekundu. Akakitazama kidogo, kisha akatangulia shambani. Nilikuwa nimeomba avuliwe kaki zile, na sasa zimevuliwa, ila wivu haukunitoka. Angekuwa ni mbwa wake, na bunduki ningekuwa nayo mimi, mbwa huyo ningempiga.