Siku Aliyosema Ni Nzuri

Glenys Tonkin alikuwa akimenya viazi mumewe alipoingia kunywa chai ya saa kumi. Akamuuliza bila kugeuka, kama alivyomuuliza kila siku ya ndoa yao:

"Siku imekwendaje?"

"Nzuri," alisema Mervyn. "Siku nzuri sana, Glen."

Kisu kikasimama mkononi.

Katika wilaya yetu ya ngano na kondoo hakuna mwanamume anayejibu hivyo. Jibu ni "si mbaya". Mvua ikinyesha, si mbaya. Kondoo wakifa bwawani kwenye tope, si mbaya. Aliyemzika mama yake asubuhi hujibu vivyo hivyo jioni dukani, nasi tunamsifu kwa ujasiri. Anayesema zaidi ya hapo huonekana analalamika au anajivuna. Nimewafundisha watoto wa wilaya hii miaka mingi, na sijawahi kuiheshimu desturi hiyo. Ni uongo uliovalishwa adabu. Hata hivyo wake zetu wamejifunza kuusoma, na Glenys alijua kila namna ambayo Mervyn angeweza kutamka "si mbaya". "Nzuri" hakuijua.

Tena ilikuwa siku gani ya kuwa nzuri? Ukame ulikuwa umekausha kila kitu, na wiki hiyo lori lilikuwa limewachukua kondoo wa mwisho.

Mervyn alimaliza chai, akaosha kikombe mwenyewe, akambusu mkewe utosini. "Nakwenda bandani kidogo," akasema.

Simu ikalia. Alikuwa Des Pickering, jirani yao wa ng'ambo ya uzio.

"Glenys, huyu mbwa wenu anakula nini? Kakikataa chakula cha mke wangu. Simlaumu, hata mimi ningekataa kama ningekuwa na pa kwenda."

"Mbwa gani?"

"Tess. Merv kaniletea mchana, kasema nikae naye moja kwa moja. Nikamwambia, mzee, umemchoka mbwa kabla ya mke? Akacheka."

"Alionekanaje, Des?"

"Mchangamfu. Sijamwona hivyo siku nyingi. Kwani vipi?"

"Njoo kwenye banda letu la kunyolea kondoo. Sasa hivi."

Alitoka mbio na aproni yake. Njiani alijiona mjinga. Labda mbwa alikuwa amezeeka tu. Labda mtu anaweza kuamka na furaha bila sababu. Angemwambia nini akimkuta anafagia? Lakini miguu haikupunguza mwendo.

Mlango wa banda ulikuwa umefungwa. Akausukuma. Mervyn alikuwa ameketi juu ya robota la sufu, kofia magotini.

"Mbona unahema hivyo, bibie? Nyumba inaungua?"

"Mervyn, unataka kujiua?"

Akamtazama kana kwamba amepigwa kofi. "Maneno gani hayo, Glen."

"Nijibu."

Upepo ulikuwa ukitikisa bati la paa.

"Niliamua asubuhi," akasema hatimaye. "Nilipoamua, moyo ukatulia. Sikukudanganya. Siku ilikuwa nzuri."

Glenys hakumhubiria. Aliketi kando yake, akamshika mkono wa shati. Des alipofika, mtu ambaye hata msibani hakosi mzaha, alisikia kwa Glenys alichokiamua Mervyn, akasimama mbele yao bila mzaha wowote.

"Mzee, nipe funguo za kabati la bunduki."

Mervyn aliutazama ukuta. Des hakurudisha mkono wake nyuma, wala hakurudia ombi. Mwishowe funguo zilitoka mfukoni, na Mervyn akaanza kulia.

Walimpeleka hospitali ya mjini kwa gari la Des, Mervyn akiwa katikati yao. Ni mwendo mrefu. Glenys aliniambia kwamba hakuuachia ule mkono wa shati njia nzima, na kwamba hofu haikumtoka hata daktari alipompokea mumewe. Jirani mmoja alimwambia baadaye kuwa alimwaibisha mwanamume wa watu kwa swali lile. Mimi nasema alichelewa kuliuliza, maana lilistahili kuulizwa tangu ukame ulipoanza, na sisi wengine hatukuliuliza kabisa.