Laki za Bi Sufuria

Sokoni walimwita Bi Sufuria, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Miaka yake ya nguvu aliimaliza akivuka mpaka: anakwenda mikono mitupu, anarudi na sufuria zimepangwa moja ndani ya nyingine, zimekazwa kwa kamba, zikigongana njia nzima kila basi lilipoingia shimoni. Alizinunua kwa fedha za kule, akaziuza kwa fedha za huku, na katikati ya fedha hizo mbili ndipo alipomlea binti yake wa pekee, akamsomesha, akainua na vyumba viwili vya tofali. Hesabu zote zilikaa kichwani. Wenzake wakihangaika na kalamu, yeye alitazama juu kidogo, akabana midomo, akasema jibu. Vijana wa kubadilisha fedha mpakani wakimwona anakuja waliambiana, "Mwacheni apite. Yule hachezewi."

Safari yake ya mwisho alibakiwa na fedha za kule, laki mbili na ushei, za kutosha mzigo mzima. Hakuzibadilisha, maana mwezi uliofuata alikuwa arudi. Mwezi uliofuata akateleza bafuni, nyonga ikavunjika. Ilipona, lakini haikukubali tena kubeba mizigo, na biashara ikaishia hapo. Zile noti alizitia kwenye birika lililotoboka, birika likapanda juu ya kabati, naye akajisemea kwamba hiyo ndiyo akiba yake. Miaka ikapita. Kila alipofagia chumba alilitazama lile birika akajisikia mtu mwenye kitu.

Binti yake akaolewa huko huko ng'ambo ya mpaka, na mchomeleaji wa mageti, kijana mpole asiye na maneno mengi. Alipojifungua, alimpigia mama yake simu.

"Mama, njoo unisaidie. Nguo za huyu mtoto zitaniua. Na ukifika mpakani badilisha fedha kidogo ya njiani."

"Nibadilishe ya nini? Fedha ya huko si ninayo."

"Unayo? Umeipata wapi?" Kabla hajajibiwa mtoto alilia, simu ikakatwa, na habari ikaishia hapo.

Bi Sufuria aliteremsha birika. Alikuwa ameshapanga: akifika tu, anamnunulia binti mashine ya kufulia nguo. Laki mbili na arobaini elfu. Enzi zake, fedha hiyo ingejaza sufuria nusu ya buti la basi. Mashine moja ingeishinda?

Mpakani kijana mmoja mwenye mkoba kifuani alimfuata. "Mama, tubadilishe?"

"Asante, baba. Ninayo." Akafungua kipochi kidogo tu, ili kijana aone na aondoke.

Kijana aliona, lakini hakuondoka. Aliinama akachungulia tena. "Mama, hizi mbona zilishakufa?"

"Zilikufa, zilizikwa wapi?"

"Nakwambia kweli. Walizifuta. Nenda nazo kokote, hazipokelewi."

Bi Sufuria akacheka kwa pua. Michezo ya mpakani aliijua yote: noti iliyokunjwa ikahesabiwa mara mbili, maneno mengi ili usahau ulipofika, na hii ya kumwambia mtu fedha yake mbovu ili aiuze kwa bei ya kutupa. "Mwanangu," akamwambia, "ulikuwa hujazaliwa mimi naijua hii njia." Akafunga kipochi, akarudi kwenye basi lake, ambalo nauli aliilipa yote nyumbani. Lakini alipokaa alijikuta ametoa noti moja, anaipapasa kwa kidole gumba. Karatasi ilikuwa ngumu, haijachakaa hata kidogo. Ingekufaje?

Alishuka mji wa binti yake na koo kavu. Mkwe alikuwa bado kazini, atakuja kumpokea akitoka. Akaingia mgahawa uliotazamana na kituo, akaagiza chai, akainywa kwa raha zake. Alipomaliza akamwita mhudumu.

"Shilingi ngapi, binti?"

"Elfu kumi, mama."

Bi Sufuria alidhani masikio yamemchezea. "Chai?"

"Ndiyo, chai."

"Hii niliyokunywa, au na shamba lake?"

Mhudumu akacheka, akaenda kumhudumia mteja wa meza ya pili, mwanamume mwenye koti la kijivu ambaye naye alikuwa amekunywa chai tupu. Bi Sufuria akatupa jicho. Yule bwana alitoa noti moja, ya rangi ambayo Bi Sufuria hakuwahi kuiona, na juu yake pameandikwa kumi. Kumi tu. Mhudumu akaipokea, akashukuru, akaitia mfukoni.

Damu ya biashara ilimpanda Bi Sufuria kichwani. Dhuluma hakuweza kuitazama akanyamaza, hata ikiwa ya mtu asiyemjua. "Binti!" akaita. "Angalia vizuri alichokupa huyo bwana. Si umesema elfu kumi? Amekupa kumi!"

Watu wakageuka. Mhudumu akaitoa noti, akaitazama, akamtazama yule bwana, akamtazama mama. "Ndiyo, mama. Elfu kumi."

"Imeandikwa kumi!"

"Ndiyo. Kumi. Elfu kumi."

Bwana wa koti akaanza kucheka taratibu, kisha mgahawa mzima. Bi Sufuria akavuta kipochi karibu. Akatafakari: kumbe chai ni kumi, na hili neno elfu ni mtindo wao tu wa kusema. Basi chai ni rahisi ajabu! Zamani kumi haikununua hata pipi. Akafungua kipochi, akachagua noti ndogo kuliko zote, ya elfu moja, akamwekea mhudumu mezani kwa madaha, akikaa tayari kupokea chenji ya kubeba kwa mikono miwili.

Mhudumu aliigeuza upande huu na upande ule. Akaipeleka kwa mwenye mgahawa, mwanamama mnene aliyekaa nyuma ya kaunta. Mwanamama akavaa miwani, akapiga kelele za furaha. "Jamani! Njooni muone! Hii mara ya mwisho niliishika nikiwa msichana." Watu wakaizunguka kaunta. Mmoja akaipiga picha.

"Mama yangu," mwenye mgahawa akamwambia alipomrudishia, "hii ilifutwa. Serikali ilikata sifuri tatu. Elfu ikawa moja, elfu kumi ikawa kumi. Noti zikabadilika, midomo yetu ndiyo haijabadilika, bado tunataja elfu. Hii yako hata ingekuwa hai, ingekuwa moja. Na chai ni kumi."

"Kumi au elfu kumi?"

"Ni kitu kile kile, mama."

Bi Sufuria alitazama juu kidogo, akabana midomo. Jibu halikuja. Alitazama juu tena, akaona dari tu, na feni inazunguka. Bwana wa koti ndiye aliyemlipia chai, na aibu ya kulipiwa na mtu aliyetoka kumwita mdhulumaji ilimfanya ashindwe hata kusema asante inayosikika.

Nyumbani kwa binti yake alimbeba mjukuu, akamsifia pua, akafua nguo mpaka kamba ikalemewa. Habari za noti alizisema siku ya pili, kwa mafumbo, na binti akaelewa. Mkwe ndiye aliyesema, akitazama sakafu kama anavyofanya kila akiongea na mama mkwe, kwamba Benki Kuu huenda bado inazipokea. "Nitakupeleka, mama."

Benki Kuu walikaguliwa mlangoni, wakapewa namba, wakakaa. Karani wao alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole. Alizipitisha noti kwenye mashine, akaziangalia mbili tatu kwa mwanga, akatikisa kichwa kukubali. Bi Sufuria akamgusa mkwe kiwiko. Si nilisema mimi, zilikufa zilizikwa wapi!

Karani akasukuma noti chache chini ya kioo. Mia mbili na arobaini.

"Zilizobaki?"

"Ndiyo zote, mama. Laki mbili na arobaini elfu, ukitoa sifuri tatu."

"Sawa, sifuri nimeelewa. Umekata kwangu, umekata na kwa wengine, hakuna aliyepunjwa. Thamani ni ile ile?"

"Ile ile kabisa."

"Basi niambie, mwanangu. Zilipokuwa na sifuri zake zilininunulia sufuria mia na zaidi. Sasa zinaninunulia ngapi?"

Karani akamtazama mkwe. Mkwe akajikuna shingo. "Kubwa kidogo… moja, mama."

"Moja na mia ni ile ile?"

Karani aliweka mikono juu ya meza, akaeleza kwa subira. Si sifuri zilizokula thamani yake, alisema. Bei zilipanda mwaka hadi mwaka, kabla sifuri hazijakatwa, na baadaye pia.

"Nani alizipandisha?"

"Hakuna mtu mmoja, mama."

"Birika lilikuwa juu ya kabati. Sikulifungua. Hakuna aliyeingia chumbani. Nani kazila?"

Nyuma yao watu walianza kukohoa. Katika maisha yake yote ya sokoni Bi Sufuria aliibiwa, alidanganywa, alikopwa asilipwe, na kila mara palikuwa na mtu wa kumkamata kola. Sasa hasara iliyozidi zote hizo haikuwa na kola. Alichukua noti zake mpya akatoka nje, juani, akasimama ngazini kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

"Mama, twende nyumbani?" mkwe akauliza.

"Nipeleke panapouzwa sufuria."

Duka lilikuwa la mzee mmoja mkali wa uso. Bi Sufuria aligonga sufuria moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio, akageuza kitako, akapitisha kucha kwenye ukingo. "Hii unasemaje?"

"Laki na themanini elfu."

"Na bati lenyewe jepesi hivi? Laki moja."

"Mama, utaniua. Laki na sitini."

Na hapo, jambo la ajabu, kichwa kikafunguka. Maana mzee alitaja laki na elfu, na hizo Bi Sufuria alizijua. Walivutana, wakatupiana maneno, aliondoka mara moja akaitwa arudi, akaitia kasoro mifuniko yote ya duka, na mwisho wakakubaliana laki na ishirini na tano. Mzee akamkubali. "Wewe mama si mnunuzi, wewe ni mwenzetu." Mkwe naye, kwa mara ya kwanza, alimtazama mama mkwe usoni, akitabasamu.

Kisha ikafika kulipa. Bi Sufuria akafungua kipochi, akaziona zile noti ngeni na namba zake fupi. Laki na ishirini na tano. Alichukua moja, akairudisha. Alichukua nyingine. Akatazama juu. Midomo aliibana mpaka ikauma. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe: alizitoa noti zote, akazitandaza kiganjani, akamnyooshea muuzaji mkono.

"Chukua yako, baba."

Mkwe akageukia ukuta, akaanza kuzikagua pasi zilizopangwa rafuni kwa makini mno. Mzee, na ukali wake wote, alizichagua noti moja moja, taratibu, akizionyesha kabla ya kuzichukua, akarudisha chenji palepale kiganjani. Kisha akamkunjia vidole juu yake.

Jioni binti alifurahia sufuria, akasema imekuja wakati wake, maji ya kumwogeshea mtoto yalikuwa yanachemshiwa kwenye kisufuria cha maziwa. Akaigonga, kama alivyofundishwa utotoni. "Nzito. Umeipata kwa bei gani, mama?"

Bi Sufuria alikuwa anakunja nguo za mtoto. Alikunja moja, akaikunjua, akaikunja upya.

"Laki na ishirini na tano," alisema. Kisha akafikiri. "Au mia na ishirini na tano. Sijui, mwanangu. Muulize mume wako."

Binti akangoja acheke. Hakucheka. Mtoto akaamka chumba cha pili, akaanza kulia kwa ile sauti yake nyembamba, na bibi yake akainuka upesi, kabla mama mtu hajainuka, akaenda kumchukua.