Mikono Iliyongoja Maji

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilivyojificha nyuma ya pazia la jikoni katika nyumba yetu ya Baba Dogo, nimeshika jagi la maji ya uvuguvugu, nikiwaogopa watu walioketi upande wa pili. Hawakuwa wezi wala askari. Walikuwa wageni waliokuja kuniposa.

Hofu ile ilikuwa na mizizi. Nilipokuwa mdogo uji wa moto ulinimwagikia, ukaniacha na kovu shavu zima la kushoto. Shuleni wakanipa jina: Ukoko. Nikipita waligonga makopo na kuuliza, "Leo sufuria imeungua tena?" Mvulana mmoja aliniambia ananipenda, nimkute jioni kwenye bomba la maji. Nilisuka nywele. Nilipofika, darasa zima likaangua kicheko nyuma ya ukuta. Baadaye wazazi wetu walipofariki, mimi nikiwa kifungua mimba, niliacha shule nikaingia kiwandani ili niwalee wadogo zangu. Watu walinisifu. Hawakujua kwamba siku ya kufunga vitabu nilishukuru pia.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hiyo Mutiso, mchonga vinyago aliyekuwa akila chakula cha mchana kwenye kibanda karibu na kiwanda chetu, aliponiambia anataka kuja kwetu na wazee wake, kwanza nilitazama nyuma yake nione nani anacheka. Hapakuwa na mtu. Hata hivyo nilikisikilizia kicheko hicho kila siku, mpaka Jumamosi ile ikafika.

Sasa, desturi unaijua. Msichana anayeposwa ndiye huwanawisha wageni mikono kabla ya chakula. Hupiga magoti mbele ya kila mmoja, jagi mkono huu, beseni mkono ule. Mimi nilizoea kushikilia ncha ya kitambaa cha kichwa shavuni, kovu lisionekane. Mikono yote miwili ikiwa kazini, kitambaa kingeshikwa na nani?

Nikampa jagi Rispa, mdogo wangu aliyenifuata, msichana mwenye uso laini kama yai.

"Nenda wewe," nikamwambia. "Wakikupenda, sitanung'unika."

"Dada, una wazimu?" Lakini alikuwa amezoea kunitii, akaenda.

Pazia lilikuwa na tundu. Nilimwona akiwanawisha wazee, kisha shangazi yake Mutiso, aliyesema, "Mzuri huyu." Moyo ulinidondoka, halafu ukatulia, kama wa mtu aliyepigwa pale alipotarajia. Lakini Rispa alipofika kwa Mutiso, Mutiso hakunyoosha mikono. Aliiacha magotini.

"Asante, shemeji. Mimi nitanawishwa na dadako."

"Ugali unapoa," shangazi akasema.

"Na upoe."

Mama Nafula, jirani aliyesimama mahali pa wazazi wetu siku ile, alimpokea Rispa jagi na beseni, akaja jikoni akiyalalamikia magoti yake.

"Unaogopa nini, wewe?"

"Watanicheka, mama."

"Waliokucheka wako makwao wanakula, walishasahau. Wewe ndiye bado unawawekea sahani."

Akanirudishia jagi na beseni. Hakunisukuma, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba ilinibidi nitembee mwenyewe.

Nilipiga magoti mbele ya Mutiso. Kitambaa kikateleza hadi begani, nami sikuwa na mkono wa kukirudisha. Niligeuza uso kulificha shavu, maji yakapita beseni yakamwagikia viatu vyake. Hapo kikaja kile nilichokiogopa: chumba kizima kilicheka. Nilifumba macho, nikangoja makopo.

"Mwaga tu," Mutiso akasema. "Vina vumbi la tangu Machakos."

"Afadhali," shangazi akadakia. "Nimemwambia avipanguse tangu asubuhi, hasikii."

Nikafumbua macho. Walikuwa wanacheka viatu. Shangazi alilitazama kovu langu, akalitazama vizuri, kisha akauliza chumvi iko wapi.

Sitakudanganya kwamba hofu iliisha siku hiyo. Hata baada ya harusi, Mutiso akinisifu nilitafuta mtego ndani ya sifa. Naye hakuchoka kungoja. Jeraha la maneno hupona polepole, na mara nyingi anayelitonesha ni mwenye jeraha mwenyewe.

Basi mwanangu, wewe unayejitazama kwenye kioo kwa macho ya waliokudhihaki, nisikilize. Kelele za mlango hazimkeshi mwenye nyumba. Usimtume mwingine akapokee pendo lililokuja kwa ajili yako. Kama unaogopa, nenda ukiogopa hivyo hivyo, hata maji yamwagike. Na si kila kicheko ni chako. Fumbua macho kwanza.

Mungu akujalie mtu atakayekungoja chakula kikipoa, na siku hiyo akutie nguvu miguuni, utoke nyuma ya pazia.