Povu Kwenye Taa

Mjomba hakushika kioo chochote, hata glasi ya maji, kabla ya kufuta kidole gumba kwenye shati. Alizeeka akibandika plastiki angavu kwenye taa za magari ili kokoto zisizipasue. Mikono ilipoanza kumtetemeka, hewa ikawa inabaki chini ya plastiki, na wateja wakamkimbia. Nikampelekea gari langu, asije akafunga kibanda.

Alinyunyizia taa maji ili plastiki iteleze, akabandika, akabandua, akabandika tena, kisha akakaa juu ya ndoo, hoi.

"Inatosha, Mjomba. Kwani taa inaenda harusini?"

"Nyamaza, wewe unayeendesha kama unafukuza kuku!"

Povu moja la hewa lilibaki pembeni. Lipo mpaka leo, na yeye tulishamzika. Siku ile alilitazama sana, akafuta kidole gumba, akaligusa.

"Hayo ni maji tu, mwanangu. Yatakauka yenyewe."